Mzigo uko ghalani, akaunti tupu: viza ya biashara ya mbanguaji wa Mtwara

SWALI

Shikamoo Mshauri,

Nina kampuni ndogo ya kubangua korosho hapa Mtwara mjini. Kazi ikichanganya tunafika wanawake 22. Tunauza karanga, yaani korosho zilizobanguliwa, Dar na Arusha, na mnunuzi mmoja wa Rotterdam, Uholanzi, alipata sampuli yetu akaipenda. Amenialika Oktoba: kwanza siku 3 kwenye maonesho ya vyakula ya Anuga mjini Köln, Ujerumani, kisha siku 5 kwake Rotterdam tuzungumzie mzigo.

Mwezi Mei nilimpa kijana mmoja wa Dar laki nne anishughulikie viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Alijaza fomu akaandika naenda kutalii, eti wa biashara huulizwa mengi. Akaipeleka ubalozi wa nchi ya tatu kabisa, kwa madai kwamba pale wanagonga haraka, na hoteli za huko akazitafuta yeye. Akaunti ya kampuni ilikuwa na milioni moja na ushee kwa sababu hela yote niliinunulia ghafi, yaani korosho zisizobanguliwa. Akasema haitoshi, basi kaka yangu akaniingizia milioni 15, na siku nne baadaye nikachukua taarifa ya benki.

Karatasi ya kukataliwa imewekewa alama visanduku vitatu: kusudi la safari halikuthibitishwa, uwezo wa kujikimu haukuthibitishwa, na wana shaka kama nitarudi. Nina mume, watoto watatu, kiwanda, na shamba la mikorosho Naliendele. Nisiporudi Mtwara niende wapi?

Nikate rufaa au niombe upya? Na ni kweli kwamba ukikataliwa mara moja jina lako limechafuka miaka mitano?

Mbanguaji, Mtwara

JIBU

Marahaba dada.

Omba upya. Rufaa hupima kama ofisa alikosea kuamua kwa nyaraka alizopewa, na kwa nyaraka ulizompa hakukosea. Kila nchi ya Schengen ina njia yake ya kupinga uamuzi, na njia hiyo pamoja na muda wake vimeandikwa kwenye karatasi yenyewe ya kukataliwa. Ujerumani, kwa mfano, tangu tarehe 1 Julai 2025 imefuta utaratibu wa kuuomba ubalozi upitie tena uamuzi wake. Aliyekataliwa amebaki na mahakama au maombi mapya. Kwa safari ya Oktoba, maombi mapya ndiyo yanayowahi.

Kuhusu jina: maombi yako na uamuzi wake yamo kwenye mfumo wa pamoja wa taarifa za viza, hukaa humo hadi miaka 5, na ofisa wa nchi yoyote ya Schengen anaweza kuyaona. Lakini kanuni ya viza ya Schengen inasema wazi kwamba kukataliwa huko nyuma si sababu ya kukataliwa tena moja kwa moja. Kinachochafua jina ni kukutwa umedanganya. Kwa hiyo barua yako mpya iseme, kwa sentensi mbili tu, kwamba maombi ya Mei yalijazwa kimakosa kama utalii na kwamba safari ni ya biashara. Usimtupie lawama kijana kwa aya nzima. Sahihi kwenye fomu ni yako, na hapo juu ya sahihi pameandikwa kwamba unathibitisha yote yaliyomo ni kweli.

Sasa hivyo visanduku. Vinaonekana vitatu, ila kosa ni moja: faili lako lilikuwa na watu watatu ndani yake. Fomu ilimtaja mtalii, barua ya mwaliko ikamtaja mfanyabiashara, na benki ikamtaja mtu aliyepewa milioni 15 juzi. Ofisa hakujua amwamini yupi.

Tuanze na utalii. Viza ya muda mfupi, ile ya aina C, ni moja kwa mtalii na kwa mfanyabiashara. Stika ni ileile, ada ni ileile ya yuro 90, na ukomo ni uleule wa siku 90 ndani ya siku 180. Kinachotofautiana ni ushahidi unaodaiwa. Ukiandika utalii hupunguziwi chochote, unajinyima tu ushahidi ulio nao mkononi, yaani mwaliko, tiketi ya maonesho na vyeti vya kampuni. Safari hii weka alama kwenye biashara.

Hakuna pia ubalozi wa kuchagua kwa sababu unagonga haraka. Maombi hupelekwa nchi ambayo ndiyo mwisho mkuu wa safari. Safari zote zikiwa za kusudi moja, hesabu siku: Köln 3, Rotterdam 5, basi ni Uholanzi. Siku zingelingana, ungeomba nchi utakayoingia kwanza. Viza ya Uholanzi itakupitisha Ujerumani bila shida, kwa sababu kutoka Köln hadi Rotterdam bado umo ndani ya Schengen. Ila mnunuzi akibadilisha ratiba, akakuongezea siku za Köln zikazidi za kwake, nchi ya kuomba nayo inabadilika. Mwombe akupe tarehe za mwisho kabla hujaweka miadi.

Pesa ndiyo panapowaumiza watu wa korosho kuliko penginepo, Mtwara na Lindi nzima, kwa sababu kalenda yetu haifanani na kalenda ya benki. Ubalozi kwa kawaida hutaka taarifa ya benki ya miezi 3. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akiitoa, inaonesha hela zikiingia na kutoka kila wiki. Mbanguaji akiitoa mwezi Mei, inaonesha mabaki. Minada inaanza Oktoba, wewe unanunua ghafi hadi msimu unapoisha, akaunti inakauka, kisha hela inarudi kidogokidogo kadiri karanga zinavyouzwa. Mtaji wako umelala kwenye magunia. Ofisa aliyezoea kusoma mishahara ya kila tarehe 25 hawezi kujua hilo usipomwambia.

Dawa yake si kukopa milioni 15. Fedha nyingi inayoingia kwa mkupuo siku chache kabla ya taarifa kuchapwa ni kitu cha kwanza jicho la ofisa linachotua, na husomeka kama pesa ya kuazima ya kupigia picha. Mrudishie kaka yako, kama bado hujamrudishia. Itaonekana imeingia na imetoka. Usiifiche, iandikie mstari mmoja wa maelezo.

Badala yake, chukua taarifa ya benki ya miezi 12, ya akaunti ya kampuni, iliyogongwa mhuri na tawi. Hapo msimu wote utaonekana: hela ilivyotoka kununua ghafi na ilivyorudi. Kama wateja wa Dar na Arusha wanakulipa kwa simu, chukua pia taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu kwa kipindi hichohicho. Wabanguaji wengi huiacha, na mauzo yao nusu yamo humo. Kisha tengeneza ukurasa mmoja unaoitwa maelezo ya mzunguko wa fedha: mwezi, fedha ilifanya nini, karatasi ya ushahidi ni ipi.

Nyuma yake weka nyaraka za mzigo: ankara na malipo ya ununuzi wa ghafi kwenye mnada, karatasi za kutolea mzigo ghalani, na hesabu ya mzigo uliobaki leo, yenye tarehe na sahihi ya mtunza stoo. Mgeuzie ofisa lugha ya tani iwe lugha ya fedha. Ghafi hutoa karanga kiasi cha robo ya uzito wake au pungufu kidogo, kwa hiyo ukiwa na tani 12 za ghafi, andika kwamba unatarajia karanga kama tani 2.5 hadi 3, kisha uambatishe ankara za mauzo za karibuni zinazoonesha bei ya kilo. Hesabu hiyo hata asiyewahi kuuona mkorosho ataielewa.

Mwisho wa sehemu hii, bajeti ya safari: nauli, malazi ya Köln, malazi ya Rotterdam, treni, chakula, bima, na mbele ya kila kimoja jina la anayelipa. Hoteli za Köln hupanda bei wiki ya maonesho, usiandike bei ya siku za kawaida. Hapa ndipo barua ya mnunuzi inapopaswa kuwa na meno. Barua inayosema kwamba gharama zitashughulikiwa haimaanishi kitu. Iseme: kampuni yetu italipa malazi ya Rotterdam kuanzia tarehe fulani hadi fulani, mgeni atalipa nauli na malazi ya Köln. Kama halipi chochote, iseme hivyo pia, maana barua isemayo analipa na bajeti isemayo unalipa zitakurudisha kulekule kwa watu watatu.

Barua hiyohiyo iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe, kusudi lenyewe, jina na cheo cha anayesaini, na namba ya usajili ya kampuni yake kwenye rejista ya biashara ya Uholanzi, ile ya tarakimu 8 wanayoiita namba ya KvK. Kusudi lisiishie kwenye “mazungumzo ya biashara”. Liandikwe kama mnavyozungumza nyinyi: kukagua ubora wa karanga za gredi ya W320, kukubaliana ufungashaji, kujadili bei ya kontena la kwanza. Na ujue majibu, kwa sababu ukihojiwa dirishani unaweza kuulizwa W320 ni nini. Mtu anayejibu papo hapo kwamba ni karanga 300 hadi 320 kwenye ratili moja, kama gramu 454, hahitaji kuapa kwamba ni mbanguaji.

Kwa Köln ambatisha tiketi ya kuingilia maonesho, au uthibitisho wa banda kama mnunuzi amekuweka kwenye banda lake. Anuga hufanyika kila baada ya miaka miwili. Taja hilo kwenye barua, linaeleza kwa nini safari haiwezi kusogezwa hadi mwakani.

Kisanduku cha kurudi kinawaudhi watu kuliko vyote, nawe umeuliza kwa uchungu. Lakini ulipeleka nini cha kukijibu? Mume na watoto ni ushahidi, weka cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa. Ila kwa safari ya biashara, kinachokuvuta kurudi ni kazi, na wewe una hoja ambayo wengi hawana: unasafiri mwanzoni mwa Oktoba na minada ya korosho inaanza Oktoba. Usipokuwepo Mtwara katikati ya mwezi, kiwanda kinakosa ghafi ya mwaka mzima. Iandike hivyo. Chini yake panga cheti cha usajili na taarifa ya sasa ya kampuni kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inayoonesha wakurugenzi, leseni ya biashara isiyoisha muda, cheti cha TRA kwamba hudaiwi kodi, usajili wako Bodi ya Korosho, na orodha ya michango ya NSSF ya wafanyakazi. Hiyo ya NSSF wengi hawaifikirii, nayo inaonesha watu wanaokutegemea, mwezi kwa mwezi, kutoka ofisi isiyo yako. Karatasi za shamba la Naliendele ziwepo, lakini zisitangulie.

Barua ya kampuni inayokutuma usiisaini mwenyewe. Mkurugenzi anayejiandikia kwamba anajifahamu na anajiruhusu kusafiri huchekesha. Asaini mkurugenzi mwenzako au katibu wa kampuni.

Nyaraka za Kiswahili zipelekwe na tafsiri ya Kiingereza, nakala ya Kiswahili mbele na tafsiri nyuma yake. Huna haja ya kutafsiri kila risiti ya mzani. Tafsiri leseni, nyaraka kuu za mnada na chochote ulichokitaja kwenye barua.

Halafu majina, na hapa Kusini tuna ugonjwa wetu. Pasipoti inasema Mohamed, NIDA inasema Mohamedi, leseni ya halmashauri inasema Muhamedi, benki imefupisha kuwa M. Kwa mtu wa hapa ni mtu mmoja. Kwa mfumo wa kompyuta ni wanne. Tandaza karatasi zote mezani usome herufi kwa herufi ukilinganisha na pasipoti. Panaporekebishika, kama leseni au benki, rekebisha. Pasiporekebishika kwa wakati, pata hati ya kiapo ya majina kwa wakili, uitafsiri, na uiweke mbele.

Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na iwe na kurasa 2 tupu. Wanaovuka kwenda Msumbiji kwa Kilambo au Mtambaswala waziangalie sana hizo kurasa, mihuri ya mpakani huzimaliza kimyakimya. Wakumbuke pia kwamba pasipoti hubaki ubalozini wakati maombi yanashughulikiwa, hivyo hakuna kuvuka Ruvuma wiki hizo.

Picha ni milimita 35 kwa 45, ya ndani ya miezi 6, nyuma pawe peupe au kijivu hafifu. Mwambie mpiga picha mapema, maana wamezoea kuweka bluu ya pasipoti yetu. Mtandio si tatizo ukiwa wa sababu za dini, mradi uso uonekane kuanzia kidevu hadi paji.

Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, itaje nchi zote za Schengen, na igharamie matibabu ya dharura na kusafirishwa kurudi nyumbani. Kosa la hapa ni tarehe. Ndege nyingi za Dar huondoka usiku na kufika kesho yake. Bima ikianza siku ya hoteli ya kwanza badala ya siku ya kutua, au ikiisha siku moja kabla hujaondoka, ina tundu. Hoteli, bima, nauli na fomu vyote visome tarehe moja ya kuingia na moja ya kutoka. Tiketi usiinunue kabla ya viza. Weka nafasi tu, na nafasi hiyo iwe ya kweli, inayohakikika kwa namba yake. Hivyo hivyo kwa hoteli. Vishoka huweka hoteli kisha wakazifuta siku ileile, na ofisa akipiga simu hakuti jina lako.

Muda: maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini unaweza kufika 45. Kwa hiyo kwa Oktoba faili lako liwe limepokelewa kabla ya katikati ya Agosti, na miadi utafute sasa, kwa sababu nafasi za Julai na Agosti hujazwa na wengine wanaokimbilia Ulaya. Taarifa ya benki na cheti cha TRA vichukuliwe mwisho, wiki ya kuondoka Mtwara, visiwe vimezeeka. Kituo kinachopokea maombi kwa niaba ya ubalozi hutoza ada yake juu ya ile yuro 90, isiyozidi nusu ya ada ya viza. Ukikataliwa hairudi hata moja. Alama zako za vidole za Mei zinaweza kutumika tena, kwani hudumu miezi 59, lakini jiandae kufika mwenyewe ukiitwa.

Na usipange kushuka kwenye basi la usiku ukaingia miadi ya saa tatu asubuhi. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550 na njia ni moja. Mvua za Mei 2024 ziliikata upande wa Somanga watu wakakwama. Fika siku mbili kabla. Siku hiyo ya katikati ndiyo ya kupiga picha upya ikikataliwa au kutoa nakala iliyosahaulika. Beba hati halisi zote, hata kama umeombwa nakala tu.

Ukiitwa kuchukua pasipoti, isome stika palepale dirishani kabla ya kuondoka: jina, namba ya pasipoti, tarehe, idadi ya kuingia, na idadi ya siku. Kosa la herufi likionekana hapo ni rahisi kurekebishwa kuliko likionekana kaunta ya ndege. Idadi ya siku uisome mara mbili. Tarehe za stika mara nyingi huwa ndefu kuliko siku ulizopewa, kwa kuwa huongezwa siku 15 za nafasi endapo safari itasogea. Stika inaweza kusema inaishia tarehe 27 na bado siku zako zikawa 10. Utakazohesabiwa ni hizo 10, kuanzia siku unayotua, na siku ya kuondoka imo.